Programu hasidi na kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye meza yangu ya ufundi wa kompyuta hapa Sinza, Dar es Salaam. Mengi yaliulizwa na wateja waliokwisha kuumia, na machache na wale wanaotahadhari mapema. Majibu yanahusu zaidi kompyuta zinazotumia Windows, kwa kuwa ndizo zilizojaa majumbani mwetu.

Programu hasidi ni nini? Je, si virusi hivi hivi tunavyovisikia kila siku?

Programu hasidi ni programu yoyote iliyotengenezwa ili ifanye ndani ya kompyuta jambo ambalo mwenye kompyuta hakulitaka na, kama angeulizwa, asingelikubali: kuiba nywila, kuficha faili, kuchungulia kwa kamera, kutuma barua pepe za ulaghai kwa jina lake. Kirusi ni aina mojawapo tu. Kirusi hujipachika ndani ya programu au faili nyingine na kusubiri mtu aifungue. Mnyoo hujinakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kungoja msaada wa mtu. Trojani huja imevaa sura ya kitu unachokitafuta, kama programu ya kuhariri picha au mchezo wa watoto, huku ndani imebeba mzigo mwingine. Katika mazungumzo ya kawaida zote huitwa virusi, nami sina ugomvi na hilo, ila jina hilo huwafanya baadhi ya watu waamini kwamba kompyuta huambukizwa kwa kuwekwa tu jirani na nyingine, kama mtu anavyoambukizwa mafua. Katika kompyuta nyingi nilizozifungua, programu hasidi ilikaribishwa na mwenye nyumba mwenyewe, bila kujua, kwa flashi, kwa programu ya bure au kwa kubofya kiungo.

Nani anazitengeneza, na anatafuta nini kwenye kompyuta yangu? Mimi sina kitu cha kuibiwa.

Kanga husema hasidi hana sababu. Hasidi wa kompyuta anayo, na siku hizi sababu hiyo ni fedha. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM, kilichoitwa Brain, kilitoka Lahore, Pakistani, mwaka 1986, kazi ya ndugu wawili waliosema walikusudia kuwabana watu walionakili programu yao bila kuilipia. Ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Leo hakuna anayeacha namba ya simu.

Kuhusu kutokuwa na kitu cha kuibiwa, mvuvi wa juya hachagui samaki. Programu hizi hutupwa kwa maelfu ya watu kwa mkupuo, na kila kompyuta inayonaswa ina thamani yake. Ina nywila za barua pepe zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, ambazo huuzwa. Ina prosesa inayoweza kufanyishwa kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku kucha huku units za LUKU zikiisha kwako na faida ikienda kwingine. Ina muunganisho wa intaneti unaoweza kutumiwa, pamoja na wa maelfu ya kompyuta nyingine, kuishambulia tovuti fulani mpaka izidiwe. Na ina picha za harusi na mafaili ya tasnifu, ambazo kwa mwizi hazina maana yoyote, lakini anajua wewe utalipa ili uzipate tena.

Nilipeleka flashi kuchapa kwenye steshenari. Niliporudi nyumbani folda zote zimekuwa na mshale mdogo. Kumetokea nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mimi mwenyewe limewahi kunikuta. Nilikwenda kuchapa fomu mbili katika steshenari moja iliyo karibu na chuo, kompyuta yao ikiwa na foleni ya wanafunzi na flashi zikichomekwa na kuchomolewa kila dakika. Nyumbani nilipoifungua flashi yangu niliona folda zangu nne kwa majina yaleyale, lakini kila moja ilikuwa na mshale kwenye kona ya chini kushoto, na ukubwa wake ukisomeka KB 2. Folda yenye picha mia tatu haiwezi kuwa na KB 2.

Kilichotokea ni kwamba kompyuta ya steshenari ilikuwa na mnyoo unaosubiri flashi. Flashi ikichomekwa, mnyoo hujinakili humo, kisha huzipa folda zako halisi alama ya kuwa zimefichwa na kwamba ni mali ya mfumo, ili Windows isizionyeshe. Badala yake hutengeneza shotikati, yaani vifaili vidogo vya kuelekeza tu, zenye majina na picha zilezile. Ukibofya shotikati, jambo la kwanza linalotendeka ni mnyoo kuamka na kuingia kwenye kompyuta yako. Jambo la pili ni folda yako kufunguka kama kawaida. Huoni tofauti yoyote, na hapo ndipo ulipo ujanja wake. Kesho yake flashi ya mdogo wako ikichomekwa kwenye kompyuta yako, nayo imekwenda na maji.

Zamani haikuwa lazima hata kubofya. Windows ilikuwa na tabia ya kuendesha yenyewe kilichomo ndani ya flashi mara inapochomekwa, na minyoo kama Conficker, iliyojitokeza Novemba 2008, iliinufaikia sana tabia hiyo. Windows 7 ilipotoka tabia hiyo iliondolewa kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikaisambaza hatua hiyohiyo kwa matoleo ya nyuma. Watengenezaji wa minyoo hawakustaafu. Waliona kuwa mlango wa kujifungua wenyewe umezibwa, wakaanza kutegemea kidole chako.

Je, faili zangu zimepotea?

Kwa kirusi cha shotikati, karibu kila mara hapana, zimefichwa tu. Kosa linaloumiza ni kuifomati flashi kwa hasira kabla ya kuzitoa. Anza kwa kuhakikisha kompyuta utakayoitumia ni safi, yaani programu yake ya kuzuia virusi inafanya kazi na imesasishwa. Chomeka flashi bila kubofya shotikati yoyote, na uiskani. Kisha fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, na kama flashi imepewa herufi E, andika amri hii na ubonyeze Enter:

attrib -s -h -r /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa alama za kufichwa, na folda halisi hurudi kuonekana. Nakili unachokihitaji kwenda kwenye kompyuta, lakini acha kila faili usiyoitambua, hususan zenye jina linaloishia na .vbs, .js, .lnk au .exe. Baada ya hapo ndipo uifomati flashi.

Basi nichapeje kazi zangu bila kuleta balaa nyumbani?

Njia nzuri ni kuigeuza kazi kuwa PDF nyumbani na kuituma kwa barua pepe ya steshenari au kwa WhatsApp, kwa sharti moja: tuma kutoka kwenye simu yako, usifungue akaunti yako ya barua pepe kwenye kompyuta yao. Kompyuta inayoguswa na watu mia kwa siku inaweza kuwa na programu inayorekodi kila herufi inayochapwa, na mhudumu mwenyewe asijue. Kasoro ya njia hii ni kwamba nakala ya waraka wako hubaki kwao. Kwa kitambulisho cha taifa, hati ya nyumba au cheti cha kuzaliwa, mwombe mhudumu aufute mbele ya macho yako, na usione haya kuomba.

Ikibidi kutumia flashi, tenga moja ndogo ya kazi hiyo pekee, weka humo waraka unaochapwa na si kingine, na ukirudi nyumbani ifomati bila kuifungua. Flashi yenye kumbukumbu za familia isitembee mjini.

Fundi wa Kariakoo alinipigia Windows na Office za bure. Kuna ubaya gani, ikiwa zinafanya kazi?

Ubaya haumo katika Windows yenyewe bali katika kile kiprogramu kidogo kilichotumika kuifanya ijione imelipiwa. Jiulize fundi alifanya nini kwanza: alizima kinga ya virusi, kwa sababu bila hivyo kiprogramu hicho kisingekubali kufunguka. Kisha alikipa mamlaka ya juu kabisa juu ya kompyuta yako. Ukitaka kumkabidhi mgeni funguo za nyumba, za kabati na za geti kwa wakati mmoja, huna njia fupi zaidi ya hiyo. Baadhi ya programu hizo hufanya kazi iliyoahidiwa na kuishia hapo. Nyingine huleta wenzake. Familia ya programu za kudai fidia, yaani zinazofunga faili zako na kutaka malipo ili zifunguliwe, iitwayo STOP, ambayo pia hujulikana kama Djvu, imewapata watumiaji wengi wa majumbani duniani kwa njia hii hasa, kupitia programu zilizovunjwa kufuli na vifaa vya kuamilisha programu bila malipo. Na mara nyingi kinga iliyozimwa siku ile haikuwashwa tena.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huenda umeshalipa. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wengi wa kompyuta mpakato huchoma leseni ndani ya ubao mkuu wa mashine. Zile kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka nje na kuuzwa Kariakoo, nyingi zina leseni hiyo ndani yake. Ukipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, ukaiweka kwenye flashi na kuisakinisha upya kwa toleo lilelile lililokuja na mashine, mara nyingi hujiamilisha yenyewe inapounganishwa na intaneti. Mwambie fundi ajaribu hivyo kwanza kabla hajatoa flashi yake ya miujiza. Kwa upande wa Office, LibreOffice ni ya bure kihalali na hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel bila tabu. Mpangilio wa kurasa huweza kuyumba kidogo, na kwa barua na bajeti ya nyumbani hilo halizuii kazi.

Je, ni lazima kununua programu ya kuzuia virusi?

Hapana. Tangu Windows 8 kinga ya Microsoft, ambayo sasa huitwa Microsoft Defender, huja ndani ya mfumo bila malipo na inatosha kwa nyumba nyingi, mradi iwe imewashwa na inasasishwa. Kununua nyingine si kosa, lakini usiweke mbili kwa pamoja, kwa kuwa kila moja itamwona mwenzake kuwa mshukiwa na kompyuta itakuwa nzito kama iliyobeba mchanga. Wapo wanaotumia programu ya kuzuia virusi iliyovunjwa kufuli. Nimewahi kumwuliza mteja mmoja ni nani aliyeivunja, na kwa nini alijitolea hivyo. Alicheka, kisha akanyamaza.

Hakuna kinga inayokamata kila kitu. Programu iliyotoka leo asubuhi inaweza kupita kabla haijatambuliwa, ndiyo maana maswali mengine ya ukurasa huu yana majibu marefu kuliko hili.

Bando linakwisha haraka. Nimezima masasisho ya Windows. Nimekosea?

Umekosea, ingawa sababu yako ninaielewa. Sasisho la usalama ni kiraka cha tundu lililokwisha kujulikana, na siku kiraka kinapotolewa ndipo hata wasiolijua tundu hulijua. Mfano ulio wazi ni WannaCry. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu katika namna Windows inavyogawana faili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye, WannaCry ikaanza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia udhaifu huohuo, bila mtu kubofya chochote, ikifunga faili kwa usimbaji, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo, na kudai dola 300 za Bitcoin. Ilizifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Waliokuwa wameweka kiraka cha Machi hawakuguswa kupitia tundu hilo.

Kuhusu bando, yapo mambo mawili ya kufanya. Kwanza, kwenye mipangilio ya Wi-Fi iambie Windows kwamba muunganisho huo unapimwa (metered connection). Itaacha kupakua vitu vingi kiholela mchana. Pili, chagua usiku mmoja kwa wiki, ukiwa na bando la usiku au ukiwa kwa ndugu mwenye intaneti isiyopimwa, uondoe mpangilio huo na uiache kompyuta ipakue. Nyumba yenye kompyuta mbili au tatu inaweza pia kuziruhusu zigawane masasisho kwenye mtandao wa ndani, ili sasisho moja lisilipiwe mara tatu. Usisahau kusasisha kivinjari, kwa kuwa ndicho kinachokutana na wageni wengi zaidi.

Bado natumia Windows 10. Je, niko salama?

Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta yako itaendelea kuwaka lakini matundu mapya hayazibwi. Upo mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, unaofika Oktoba 2026 na unaohitaji kujiandikisha. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, na kwa hizo ninapendekeza Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa mfano Linux Mint, ambayo ni ya bure na mtu aliyezoea Windows huizoea katika siku chache. Wanaotumia Windows 7, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma Januari 2020, wasiitumie tena kwa barua pepe wala benki.

Nimepokea barua pepe ya kuitwa kwenye usaili, ikiwa na kiambatanisho. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Anayetafuta kazi ni mtu anayengoja barua, na walaghai wanalijua hilo. Kabla ya kufungua, angalia anwani ya mtumaji kwa ukamilifu wake, si jina linaloonyeshwa tu. Taasisi kubwa haiwaandikii watu usaili kwa anwani ya bure yenye tarakimu tano mwishoni. Jiulize kama uliomba kazi hiyo kweli. Kisha litazame jina lote la faili. Kwa kawaida Windows huficha herufi za mwisho zinazotaja aina ya faili, na mwanya huo ni wa zamani: Mei 2000 mnyoo ILOVEYOU, uliotokea Ufilipino, ulienea duniani kwa faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, ambalo kwa kompyuta nyingi lilionekana kama barua ya maandishi tu. Leo jina litakuwa Usaili.pdf.exe. Fungua dirisha lolote la folda, nenda kwenye menyu ya View, na uiamuru Windows ionyeshe majina kamili ya faili. Ni kazi ya nusu dakika.

Kama ni waraka wa Word au Excel na unakuomba uruhusu maudhui ili usomeke, usiruhusu. Barua ya usaili haihitaji ruhusa yoyote ili isomeke. Inayohitaji ruhusa ni makro, yaani vijiprogramu vilivyofichwa ndani ya waraka. Kuwa na shaka pia na faili lililobanwa ambalo nywila yake imeandikwa kwenye barua yenyewe, kwa kuwa kazi ya nywila hiyo ni kuzuia kinga ya virusi isichungulie ndani. Ukibaki na mashaka, pigia taasisi husika kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyo ndani ya barua.

Nilikuwa natazama mechi kwenye tovuti ya bure, mara skrini ikasema kompyuta ina virusi 13 na nipige simu. Nifanyeje?

Usipige. Ukurasa wa wavuti hauwezi kuhesabu virusi vya kompyuta yako. Namba 13 imeandikwa na mtu kama bango la dukani. Siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, tovuti za aina hii huongezeka, na huishi kwa kukubofyesha mahali usipokusudia. Kama ukurasa hautaki kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari na ukifunge, kisha ukikiwasha tena usikubali kirejeshe kurasa za awali. Ikiwa matangazo yanaendelea kuchomoza pembeni ya skrini hata tovuti ikiwa imefungwa, huenda ulibofya kuruhusu arifa; ingia kwenye mipangilio ya kivinjari na uiondolee tovuti hiyo ruhusa. Wateja wengi huniletea kompyuta kwa ajili ya jambo hilo moja, nami huona haya kuwatoza.

Faili zangu zote zimebadilika majina na kuna barua inayodai fedha. Nilipe?

Ushauri wangu ni usilipe. Kulipa hakukuhakikishii ufunguo, na unayemlipa ndiye atakayetumia fedha hiyo kumnasa jirani yako. Chomoa mara moja waya wa mtandao au zima Wi-Fi, na utoe flashi na diski zote za nje, kwa kuwa programu hizi hufunga kila kinachofikika. Piga picha ya barua ya madai kwa simu. Usifute faili zilizofungwa, hata kama leo hakuna wa kuzifungua.

Kisha, kwa kutumia kompyuta nyingine, fungua tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Unapakia faili mbili zilizofungwa, nayo inakuambia ni familia ipi na kama ufunguo wake umekwisha kupatikana. Wakati mwingine funguo hupatikana baada ya miezi au miaka, watu hao wanapokamatwa au mitambo yao inapotwaliwa. Ndiyo sababu nimesema usifute.

Jihadhari na anayekuahidi mtaani kuzifungua kwa malipo ya awali. Usimbaji uliofanywa sawasawa hauvunjwi na fundi yeyote, nikiwemo mimi.

Nakala rudufu nizitunzeje?

Kanuni ya wataalamu ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa nyumba ya kawaida maana yake ni kompyuta yenyewe, diski moja ya nje, na hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive au OneDrive kwa yale machache yasiyobadilishika. Kinachowaponza wengi ni kuiacha diski ya nje imechomekwa muda wote. Diski iliyochomekwa itafungwa pamoja na kompyuta, na hapo huna nakala bali una hasara mbili. Ichomeke Jumapili, nakili, ichomoe, iweke kabatini.

Mwanafunzi mmoja aliniletea kompyuta yenye tasnifu ya miaka miwili iliyofungwa yote. Tulichokipata ni sura tatu alizokuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe, kila moja kwa tarehe yake. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi wajitumie kazi yao wenyewe kwa barua pepe kila Ijumaa, kama hawana diski. Ni njia ya kimaskini, lakini imeshawaokoa zaidi ya mmoja. Isitoshe, hata pasipo programu hasidi, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua diski.

Nitajuaje kama kompyuta imekwisha kuingiliwa?

Dalili ni feni kuvuma wakati hakuna kazi, bando kuisha bila maelezo, kinga ya virusi kukataa kuwaka, ukurasa wa kwanza wa kivinjari kubadilika, au marafiki kupokea ujumbe ambao hukuutuma. Hakuna hata moja iliyo ushahidi kamili. Kompyuta huwa nzito pia kwa vumbi. Na programu za kuiba nywila mara nyingi hazina dalili kabisa, kwa kuwa nia yao ni kukaa kimya.

Watoto nao hutumia kompyuta hii. Niwazuie?

Watengenezee akaunti yao ya kawaida isiyo na mamlaka ya usimamizi, na wewe mwenyewe utumie ya namna hiyo kwa kazi za kila siku. Kila kitu kitakachotaka kujisakinisha kitaomba nywila ya msimamizi, nawe utakuwa na nafasi ya kuuliza ni nini.

Nimepata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Je, simu yangu ina programu hasidi?

La. Huo ni utapeli wa kawaida unaotumwa kwa namba nyingi kwa kubahatisha. Upeleke ujumbe pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo. Kwa simu, hatari halisi ya programu hasidi ni kusakinisha programu zilizotumwa kama faili za APK kwenye makundi ya WhatsApp.

Uhalifu huu niuripoti wapi?

Kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua makosa ya kuingilia mfumo wa kompyuta na kuharibu data bila idhini. Ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano kuna pia TZ-CERT, kitengo cha kitaifa kinachoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Nenda na picha za skrini, tarehe na anwani za barua pepe, usiende na maelezo ya mdomo peke yake.

Fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya. Ni lazima?

Si mara zote. Jaribu kwanza skani ya Microsoft Defender inayofanyika nje ya Windows. Utaipata katika mipangilio ya usalama, kompyuta itajizima na kuwaka, na itaskani kwa takriban dakika 15 kabla programu hasidi haijapata nafasi ya kuamka. Ikiwa baada ya hapo kinga bado inazimika yenyewe, au kama kompyuta ilitumika kwa benki na umegundua mwizi wa nywila, basi fundi yuko sahihi: hamisha nyaraka na picha, futa diski yote, sakinisha upya. Badilisha nywila zako zote kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, ukianza na ya barua pepe, maana kwa hiyo ndiyo nyingine zote hurejeshwa. Ukizibadilisha kwenye kompyuta iliyo bado mgonjwa, umempelekea mwizi orodha mpya.

Nimeokota flashi ndani ya daladala. Niifungue nijue mwenyewe ni nani?

Swali hili huulizwa na watu wema, na wema huo umeshapimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwahi kudondosha flashi karibu 300 katika eneo la chuo chao, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2016 angalau asilimia 45 zilichomekwa na faili lake kufunguliwa, nyingi na watu waliosema walitaka kumtafuta mwenyewe. Stuxnet, mnyoo uliogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Irani, ulitengenezwa uweze kusafiri kwa flashi ili uzifikie kompyuta zisizounganishwa na intaneti. Ya kwako yawezekana ina miziki ya taarabu tu. Mpe konda.